Kabla ya Miwani: Jinsi Bukavu Ilivyojifunza Kusikia Uchungu wa Mwingine

Sauti ilitangulia picha. Mwaka 1997 Chouchou Namegabe, akiwa bado kijana, aliingia Redio Maendeleo ya Bukavu, kituo kilichoanzishwa mwaka 1993 na vyama vya kiraia vya Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Mji ulikuwa haujatulia. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani; tarehe 29 ya mwezi huohuo, majeshi ya waasi wa AFDL na ya Rwanda yalipokuwa yanaingia Bukavu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza. Waasi wa RCD wakaushika mji, na mwaka uliofuata wakaifunga redio ile.

Katika miaka hiyo ubakaji ulitumika vitani kama bunduki inavyotumika. Hayo yameandikwa sana. Yasiyosemwa vya kutosha ni yale yaliyofuata nyumbani. Wanaume wengi waliwakataa wake zao waliobakwa. Wengine walifanya hivyo kwa aibu ya majirani, wengine kwa hofu ya maradhi, wengine kwa sababu walikuwa wamefungwa kamba na kulazimishwa kutazama, na tangu siku hiyo hawakuweza kumwangalia mke usoni. Basi mama aliyetoka msituni akiwa hai alikuta kesi ya pili inamngoja nyumbani, na hakimu wa kesi hiyo alikuwa mume wake.

Waswahili husema kitanda usicholalia hujui kunguni wake. Kivu mambo yalikuwa mazito kuliko methali: kitanda kilikuwa kimoja, na bado mmoja hakujua kilichomuuma mwenzake.

Leo swali hilo, la jinsi ya kumfanya mtu wa jinsia moja aonje anayopitia mtu wa jinsia nyingine, limekuwa kazi ya maabara. Miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho yote mawili na kumweka mvaaji mahali ambapo hayupo, inasifiwa kwamba inaweza kumwingiza mwanamume katika mwili wa mwanamke na kumtoa akiwa mtu mwingine. Sifa hizo nazichukulia kwa uzito. Lakini Bukavu ilikuwa imelishika swali hilo miaka mingi kwa vyombo vyake yenyewe, tena katika hali ambayo hakuna maabara inayoweza kuitengeneza. Anayetaka kupeleka miwani Kivu aanze kwa kuisoma historia hiyo.

Mwaka 1999 Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu na mtoto wa mchungaji, alifungua hospitali mtaani Panzi. Yeye ndiye aliyekuwa ameongoza hospitali ile ya Lemera. Nia yake ilikuwa kuwahudumia wajawazito, maana kina mama walikuwa wanakufa kwa uzazi. Mgonjwa wa kwanza aliyefika hakuwa mjamzito. Alikuwa mwanamke aliyebakwa kisha akapigwa risasi mapajani na sehemu za siri. Novemba ya mwaka huo, huko Mwenga, wanawake walizikwa wakiwa hai. Habari hizo zilifika Bukavu kwa midomo ya wasafiri, kwa mnong'ono, na zikabaki hivyohivyo mpaka walipotokea watu wa kuzisema kwa sauti.

Mwaka 2003 Namegabe na wanahabari wenzake wanawake waliunda chama chao, kinachojulikana kwa kifupi cha Kifaransa AFEM. Walichukua vinasa sauti wakaenda vijijini, wakakaa na kina mama, wakarekodi, kisha wakarusha hewani kwa lugha ambazo watu wa Kivu wanazungumza majumbani mwao. Redio ina fadhila moja ambayo kamera haina: haionyeshi uso. Mama anaweza kusema yote, mpaka jina la kikosi na rangi ya sare, na jirani yake akamsikiliza hadi mwisho bila kujua kwamba ni yuleyule anayepanga naye foleni ya maji. Na wanaume husikiliza redio. Husikiliza dukani, kinyozini, kwenye teksi zinazopanda kutoka Nyawera kwenda Kadutu. Mume anaweza kumkatiza mkewe anapoanza kueleza. Mama anayesema ndani ya redio hawezi kukatizwa na mtu.

Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi wa kwanza wa Bukavu katika jambo hili, na sijauona ukitajwa katika vitabu vya teknolojia. Msikilizaji alitolewa kwenye kiti cha hakimu. Hakuwa na sura ya kuihukumu, hakuwa na nguo za kuzikagua, hakuwa na jina la ukoo la kulipima. Alibakiwa na sauti ya mtu.

Juni 2004 vita viliingia tena mjini penyewe. Askari walioasi chini ya Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliishika Bukavu kwa siku kadhaa, na wanawake wa Ibanda na Kadutu walibakwa ndani ya nyumba zao. Waliokuwa wanadhani haya ni mambo ya msituni waliyaona sebuleni. Sheria ilifuata polepole. Katiba ya Februari 2006 iliweka kifungu kizima, cha 15, juu ya ukatili wa kingono, na tarehe 20 Julai mwaka huohuo zikatangazwa sheria mbili zilizopanua maana ya ubakaji na kukaza adhabu. Lakini Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 iliendelea kumtaka mke aombe idhini ya mumewe ili asaini mkataba au afungue kesi. Mwanamke wa Bukavu alipewa haki ya kumshtaki aliyembaka, huku karatasi nyingine ya dola hiyohiyo ikimweka chini ya ruhusa ya bwana. Idhini hiyo iliondolewa Julai 2016.

Mei 2009 Namegabe aliketi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani mjini Washington na kusimulia aliyoyarekodi. Mwaka uliofuata watafiti walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani uchunguzi wa kaya za mashariki mwa Kongo. Takwimu mbili za uchunguzi huo zinastahili kuwekwa pamoja: wanawake 39.7 kwa mia walisema wamewahi kupatwa na ukatili wa kingono, na wanaume 23.6 kwa mia walisema hivyohivyo.

Namba ya pili iliwashtua wengi, lakini Kampala ilikuwa imeshajulikana. Huko Mradi wa Sheria za Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulitoa filamu mwaka 2009, Gender Against Men, ambamo wanaume, wakiwemo wakimbizi wa Kongo, waliongea juu ya kubakwa kwao. Ndipo ilipoonekana kwamba mlango uliofungwa kwa mke ulikuwa umefungwa pia kwa mume. Mwanamume aliyebakwa katika jamii inayomtaka awe ngome ya nyumba hana pa kulilia. Akienda hospitali anaulizwa amemsindikiza nani. Akimwambia mkewe, anaogopa kuulizwa kama bado ni mume. Kwa hiyo anayezungumzia kuvuka mpaka wa jinsia Bukavu asidhani kwamba njia ni ya upande mmoja, mwanamume akienda kumtembelea mwanamke katika mateso yake kisha akarudi kwake salama. Kuna wanaume wengi ambao, wakiambiwa wavae miwani wajione katika mwili wa mwanamke anayeshambuliwa, wataona kitu wanachokijua tayari.

Tarehe 17 Oktoba 2010 Bukavu ilijaa. Maandamano ya Dunia ya Wanawake yalifungia hapo awamu yake ya mwaka ule. Wageni walitoka mabara mbalimbali, na wanawake wa Kivu wakashuka kwa maelfu. Miezi miwili na nusu baadaye, usiku wa Mwaka Mpya 2011, askari wa serikali walibaka wanawake wa mji wa Fizi. Mahakama ya kijeshi inayotembea ikahamia Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Wanawake wakasimama kutoa ushahidi, na mwezi Februari kamanda wa askari hao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Tangu kosa mpaka hukumu haikufika miezi miwili. Naitaja kesi hii kwa sababu inavunja kisingizio cha kwamba haki Kivu haiwezekani. Iliwezekana pale watu walipotaka.

Mwezi huohuo wa Februari 2011 kituo kiitwacho Mji wa Furaha kilifunguliwa Bukavu, chini ya Christine Schuler Deschryver, kwa ajili ya wanawake walionusurika katika ukatili. Kisha, tarehe 25 Oktoba 2012, watu wenye silaha walimvizia Mukwege nyumbani kwake. Mlinzi wake aliuawa. Yeye akaokoka, akaondoka nchini pamoja na familia yake. Kina mama wa kisiwa cha Idjwi wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili kuchanga nauli ya ndege ya kumrudisha daktari. Tarehe 14 Januari 2013 alirudi, na njia yote kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu mpaka Panzi ilijaa watu. Wanawake ambao daktari huyo alikuwa amewahurumia walimhurumia yeye, kwa mananasi na vitunguu. Hiyo nayo ni habari ya jinsia mbili kuonjana uchungu, na haikuhitaji umeme.

Sasa tutoke kidogo Kivu, twende Barcelona.

Mei 2010 Mel Slater, Mavi Sanchez-Vives na wenzao walichapisha jaribio lao. Wanaume watu wazima walivalishwa miwani ya uhalisia pepe. Kila mmoja alipoinamisha kichwa kutazama mwili wake aliona mwili wa msichana. Ndani ya chumba hicho cha kompyuta alikuwepo pia mwanamke, ambaye kwa ghafla alimpiga msichana makofi. Mapigo ya moyo ya wanaume hao yalionyesha kwamba mwili uliitikia kana kwamba ndio uliopigwa, hasa kwa wale walioona tukio kupitia macho ya msichana mwenyewe. Akili ilijua ni mchezo. Moyo haukujua.

Miaka michache baadaye, katika mji huohuo, kikundi cha BeAnotherLab kilifanya jambo la karibu zaidi na maisha. Mwanamke na mwanamume walivaa miwani yenye kamera, kila mmoja akiona kile ambacho mwenzake anakiona. Walitakiwa kutembeza mikono polepole, kwa maelewano. Mmoja akienda haraka bila mwenzake kukubali, picha inavunjika. Hapo nasimama kidogo, kwa sababu nadhani hicho ndicho kipande bora kabisa katika habari yote ya miwani hii: huwezi kukaa katika mwili wa mwenzako bila yeye kukuruhusu, hatua kwa hatua. Kivu imeumizwa na watu walioingia katika miili ya wengine bila ruhusa. Chombo kinachoweka ruhusa kuwa sharti la kuona kina jambo la kutufundisha.

Ikafuata kelele ya sifa. Mwaka 2015 Chris Milk, mtengenezaji wa filamu wa Marekani, alisimama jukwaani akaita uhalisia pepe mashine kuu kabisa ya kuzaa huruma. Mwaka huohuo, jambo ambalo halikusikika katika majukwaa hayo lilitokea Kinshasa. Thierry Michel na Colette Braeckman walikuwa wamekamilisha filamu juu ya Mukwege, L'homme qui répare les femmes, yenye wanawake wa Kivu wakisimulia yaliyowapata. Septemba 2015 serikali ikaipiga marufuku. Waziri wa Habari, Lambert Mende, alidai kwamba tafsiri za maneno ya mashahidi zimepotoshwa na kulichafua jeshi. Marufuku ilidumu wiki chache, ikaondolewa Oktoba baada ya malalamiko mengi. Wenye mamlaka walikuwa wameelewa jambo ambalo wapenzi wa miwani hulisahau: mtu akishahisi uchungu wa mwenzake ataanza kuuliza ni nani aliyeusababisha.

Na hatimaye Kongo ya mashariki iliingia katika uhalisia pepe. Karim Ben Khelifa, mpiga picha za vita aliyechoka kuona picha zake hazizuii vita, alitengeneza kazi iitwayo The Enemy. Ilifunguliwa Paris, katika Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu, Mei 2017. Mtazamaji anavaa miwani, anabeba kompyuta mgongoni, na anatembea ndani ya ukumbi mtupu ambao machoni pake ni vyumba vyenye picha ukutani. Katika kila chumba wapo wapiganaji wawili wa pande zinazopigana, wamesimama wakielekeana, kimo cha mtu halisi. Ukimkaribia mmoja, anakugeukia na kukutazama. Anaulizwa adui yake ni nani, amani ni nini kwake, amewahi kuua. Anajibu kwa sauti yake. Jozi moja ni Mwisraeli na Mpalestina, jozi nyingine ni ya magenge mawili ya El Salvador, na jozi ya tatu ni ya Kongo: askari wa jeshi la serikali, FARDC, na mpiganaji wa kundi la waasi la FDLR.

Ni kazi nzuri na ya heshima. Lakini hesabu watu wake: sita, na wote sita ni wanaume. Vita vya Kivu, ambavyo uwanja wake mkubwa umekuwa mwili wa mwanamke, viliingia katika chombo hiki kipya kupitia vinywa vya wanaume wawili wenye sare. Sisemi kwamba Ben Khelifa alikusudia kumfuta mwanamke. Alitaka kuonyesha uso wa adui, na wenye kubeba bunduki aliowakuta walikuwa wanaume. Nasema kwamba mtu aliyetoka katika ukumbi ule akiwa na machozi alikuwa amehisi nusu ya jambo. Baadaye Ben Khelifa alitengeneza kazi nyingine, Seven Grams, juu ya madini yaliyomo ndani ya simu, na hapo alirudi Kongo kwa swali gumu zaidi, kwa sababu kifaa kinachotumika kutazama mateso hayo kimetengenezwa kwa madini yaleyale.

Oktoba 2017 The Enemy ilihamia Marekani, katika jumba la makumbusho la MIT, ikakaa mpaka mwisho wa Desemba. Katika wiki hizohizo kesi ilikuwa inasikilizwa Kavumu, mji mdogo wenye uwanja wa ndege, kaskazini mwa Bukavu.

Tangu mwaka 2013 watoto wa kike wa Kavumu walikuwa wanachukuliwa usiku kutoka majumbani mwao, wanabakwa, na kutupwa mashambani. Walikuwa zaidi ya 40. Wadogo kabisa hawakuwa wametimiza miaka miwili. Wengi walipelekwa Panzi. Aliyeshtakiwa kuongoza kundi hilo alikuwa Frédéric Batumike, mjumbe wa bunge la mkoa, pamoja na wanamgambo walioaminishwa kwamba damu ya bikira itawakinga na risasi. Mahakama ya kijeshi ilikaa palepale Kavumu, mwezi Novemba, ili wazazi waweze kufika kwa miguu.

Sasa tazama jinsi ushahidi ulivyotolewa. Watoto hawakusimamishwa mahakamani. Walikuwa wamehojiwa mapema na wataalamu, mbele ya kamera, mara moja, na video hizo zikapokewa na majaji. Mashahidi watu wazima walifika wamefunikwa mwili mzima kwa nguo, sauti zao zikipitishwa kwenye chombo cha kuzibadilisha. Katika ukumbi huo mtu hakuweza kujua kama anayesema ni mama wa nyumba ya tatu au shangazi wa mtaa wa pili. Akasikilizwa. Tarehe 13 Desemba 2017 Batumike na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikathibitisha.

Kwa hiyo katika majira hayohayo, upande mmoja wa dunia teknolojia ilikuwa inafanya kila juhudi kuonyesha uso wa Mkongo mwenye bunduki, mpaka mboni ya jicho lake ikufuate unapotembea. Upande wa pili teknolojia duni, kitambaa na kibadilisha sauti, ilikuwa inafanya kila juhudi kuuficha uso wa Mkongo aliyeumizwa. Ya kwanza iliwaliza watu. Ya pili ilimfunga mbunge. Sioni sababu ya kuzigombanisha, lakini nikitakiwa kuchagua ipi imeielewa Bukavu, sina shaka. Kanuni ile ya AFEM ya mwaka 2003, ya sauti bila uso, ilikuwa imefika mahakamani.

Februari 2018 Barcelona ilileta habari nyingine, safari hii karibu zaidi na mlango wa nyumba. Sofia Seinfeld, Slater, Sanchez-Vives na wenzao waliwachukua wanaume 20 waliopatikana na hatia ya kuwapiga wake au wapenzi wao, na wengine 19 wasio na historia hiyo. Kila mwanamume alijiona kwanza kwenye kioo akiwa mwanamke, akipunga mkono na mwanamke wa kioo akipunga. Kisha mwanamume mwingine akaingia chumbani, akaanza kumtukana, akatupa simu, akasogea karibu mpaka akajaza macho yote. Kabla ya hapo wanaume wenye makosa walionekana kushindwa kutambua hofu katika nyuso za wanawake. Baadhi ya nyuso zenye hofu walizisoma kuwa zina furaha. Baada ya kukaa katika mwili ule, walizitambua vizuri zaidi.

Ukweli huo unatisha. Ina maana kuna mwanamume anayemtazama mkewe akiwa na hofu na kuona tabasamu. Na ina maana macho hayo yanaweza kufundishwa. Mtu anayesema teknolojia hii ni mchezo wa matajiri asome utafiti huo kwanza.

Lakini kutambua hofu na kuacha kupiga ni mambo mawili, na hilo Kivu inalijua kwa uchungu. Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji iliendesha Kivu Kaskazini na Kivu Kusini mpango wa wanaume kukutana kila wiki, kwa miezi kadhaa, kuzungumza juu ya kazi za nyumbani, hasira, uamuzi na kitanda. Vijiji vilivyopata mpango vililinganishwa na visivyoupata, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Wanaume walibadilika katika fikra zao, walipunguza kukubali kwamba mke anaweza kupigwa, na wake zao walisema mwenendo wa waume zao nyumbani umekuwa bora. Hata hivyo idadi ya wanawake waliosema wamepigwa au kulazimishwa haikuonyesha kupungua kwa namna ya kuaminika. Mwaka 2021 wachambuzi waliokusanya tafiti nyingi za uhalisia pepe walifikia jambo la karibu na hilo: miwani huamsha hisia, lakini haimwezeshi mtu kumwelewa mwenzake zaidi ya njia nyingine za kawaida. Machozi huja haraka. Kuelewa kunahitaji kazi.

Wapo pia watu wa Bukavu ambao habari yao haijapata hata kitambaa cha kuwafunika. Sheria ya Kongo haitaji uhusiano wa watu wa jinsia moja kuwa kosa, ila Katiba inalinda ndoa ya mwanamume na mwanamke peke yake, na kifungu juu ya aibu ya hadharani hutumika kuwasumbua wengine. Bukavu kuna shirika, Rainbow Sunrise Mapambazuko, linalowatetea mashoga, wasagaji na watu ambao jinsia wanayoiishi si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Kwa hao, swali la kuonja maisha ya mwingine lina hatari ya pekee. Mtu akirekodiwa kwa kamera inayozunguka pande zote, na chumba chake, ngazi ya nyumba yake na mtaa wake vikaonekana, hakuna kuficha uso kutakakomsaidia. Katika Kadutu iliyopandiana mlimani nyumba juu ya nyumba, ukuta mmoja unatosha kumtaja mwenye nyumba. Mkimpenda mtu huyo, msimpige picha ya namna hiyo. Mchoreni, au mpeni mwigizaji aseme maneno yake.

Desemba 2018 Mukwege alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo pamoja na Nadia Murad wa Iraq. Tarehe 26 Desemba 2022 Kongo ilitunga sheria ya kuwalinda na kuwalipa fidia waathirika wa ukatili wa kingono wa vita, na mfuko wa taifa ukaundwa kwa kazi hiyo. Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Kwa mara nyingine tangu 1996 mji umebadilisha wenye bunduki.

Siikatai miwani. Ningependa kuiona ikifika Bukavu, tena mapema, lakini kwa masharti ambayo historia ya mji huu imeshayaandika. Anayestahili kuivaa kwanza ni yule ambaye redio ilimlenga: mume, askari, polisi anayepokea mashtaka, hakimu, mwami, yaani chifu wa jadi. Mtalii wa huruma wa Geneva au Boston anaweza kusubiri. Hadithi itakayochezwa ndani yake itungwe na watu wa Kivu wenyewe, wanawake, wanaume waliobakwa, na wale wanaoishi wamejificha, na kila mmoja awe na haki ya kuifuta sauti yake wakati wowote bila kueleza sababu. Mama aliyekwisha kusimulia asiombwe kusimulia tena kwa ajili ya chombo kipya. Kaseti za miaka ya 2000 na kumbukumbu za mahakama zimejaa maneno yake. Na mwanamume akivua miwani akute kiti na wenzake na mtu wa kuongoza mazungumzo, wiki hiyo, na wiki inayofuata, na miezi baada ya hapo.

Fidia nyingi ambazo mahakama za Kivu zimewaamulia wanawake kwa miaka yote hii bado hazijalipwa. Watakaofika Bukavu na miwani yao, na fedha za kuinunua, naomba wafike pia na swali hili kwa serikali ya Kinshasa na kwa yeyote anayeushika mji: kina mama hawa watalipwa lini?